Kilichomo Mkononi mwa Mkulima wa Kahawa

Bei ya arabika huamuliwa New York. Masika huja yapendavyo, na ugonjwa wa chulebuni hushambulia matunda bila kubisha hodi. Mkulima wa Kibosho au Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hana usemi katika hayo. Hata hivyo, alfajiri ya msimu wa mavuno utamkuta ameinama juu ya tangi, mkono umezama hadi kiwiko, akifikicha buni. Zikiteleza, bado. Zikikwaruzana kiganjani, ute umekwisha, ni wakati wa kuziosha.

Ufundi huo hauongozwi na saa, maana kwenye baridi ya juu mlimani buni hukawia kuchachuka kuliko tambarare. Akizidisha muda, harufu mbaya huingia na haitoki tena. Kabla ya hapo amekwisha chuma matunda mekundu matupu, akayaacha ya kijani mtini, akamenya siku ileile. Baada ya hapo ni vichanja: kugeuza mara kwa mara, kufunika jua linapochoma na umande unapoanza kushuka, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 11.

Kutenga hivyo kilichomo mkononi na kisichomo ni wazo la kale. Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka Wastoiko, wanafalsafa waliojadiliana na Paulo kule Athene. Epictetus, Mstoiko aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kwamba yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu na yapo yasiyokuwamo. Wenzake walipenda mfano wa mpiga mshale: kulenga ni kazi yake, ila shabaha yaweza kusogea. Siku hizi waandishi na wachoraji wengi huishika falsafa hiyo ili hofu ya wasomaji na wateja isiwafunge mikono. Wanafanya vizuri. Mwandishi anayengoja msukumo ndipo ashike kalamu angejifunza mengi kichanjani, ambako buni hugeuzwa iwe kuna hamu au hakuna.

Lakini upo mtego. Ushauri wa "shughulika na yako" ni mtamu mno kinywani mwa mnunuzi anayetaka bei ya chini. Wachagga, wenyeji wa Kilimanjaro, hawakuumeza mzimamzima. Mwaka 1925, huku walowezi wakipinga Mwafrika kulima kahawa, waliunda chama chao cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa kiongozi. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na bei ambayo mkulima mmoja asingeweza kuigusa ikapata wa kuibishania.

Haikuwa dawa ya kila kitu. Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980. Kisha mwaka 1989 mgawo wa mauzo ya kahawa duniani ukavunjika, bei ikaporomoka, na kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya familia, mibuni ikaachwa bila kupogolewa au ikang'olewa kupisha mazao mengine. Hakuna kiganja kilichozuia hilo, hata kingekuwa hodari namna gani.

Waliobaki wana msaada mpya: taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo, imetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ugonjwa uliohesabiwa kuwa bahati mbaya sasa una mlango wa kuukwepa.

Bei nayo ina sehemu iliyo karibu na nyumbani. Chama cha msingi kinachomlipa mchumaji wa matunda mekundu sawasawa na aliyekwangua tawi zima kinamwonea fundi. Hilo halihitaji ruhusa ya New York. Wanachama waliamue mkutanoni kabla ya mavuno.