Maji ya Moto na Ushahidi wa Kweli

Mwaka 1969 jarida la Uingereza liitwalo Physics Education lilichapa makala fupi ya waandishi wawili, Erasto Mpemba na Denis Osborne. Jina lake, Cool?, ni neno moja na alama ya kuuliza. Wengi huisifu kwa kuwa ilimpa kijana wa Kitanzania jina katika fizikia. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haifikii fadhila yake iliyo kubwa zaidi. Makala hii yafaa kusomwa kama somo juu ya nini kiitwe ushahidi.

Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba. Asimulia kwa maneno mepesi jinsi alivyotengeneza aiskrimu mwaka 1963, alipokuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, alitia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe, ambaye hakuyachemsha, bado. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alisema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wanafunzi wakaligeuza neno hilo kuwa mzaha.

Masimulizi haya hayana chuki wala majivuno, na hapo ndipo penye nguvu yake. Mwalimu wa Mkwawa hakuwa mjinga; aliijua kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Kosa lake ni kuifanya kanuni kuwa hakimu wa jambo lililoonekana, hali kanuni yenyewe ilipata heshima yake kwa mambo yaliyoonekana.

Sehemu ya pili ni ya Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam. Akiri kwamba alidhani kijana amekosea. Hata hivyo aliagiza jambo lijaribiwe. Fundi wa maabara alileta habari kuwa maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kurudia jaribio mpaka jibu lililo sawa lipatikane. Msomaji hucheka hapa, lakini kicheko kina uchungu. Fundi yule aliona kwa macho yake, naye akaamini alichokwisha kufundishwa. Osborne aendelea kwa vipimo: aonyesha kwamba utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa, dalili kuwa joto jingi hutokea juu.

Makala ina hatari moja. Hadithi ya kwanza ni tamu mno, hata msomaji aweza kudhani kuwa aliyeonewa lazima awe mkweli. Kuonewa si ushahidi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wasione dalili ya kutosha ya jambo hilo. Tena walionyesha kuwa tofauti ndogo ya mahali pa kipimajoto yaweza kuleta jibu la uongo. Osborne yeye alipima muda wa maji kuanza kuganda, na vipimo hivyo viwili si kimoja. Kwa hiyo shauri halijakatwa.

Anayekasirishwa na habari hiyo kwa kuwa Mpemba ni ndugu yake, hana tofauti na wale waliomcheka. Wao walitazama msemaji ni nani wakamkataa. Yeye atazama msemaji ni nani akamkubali. Kati yao hakuna aliyeyatazama maji. Heshima aliyoidai Mpemba ni nyingine: kwamba neno lake lipimwe. Osborne naye akubali kuwa majaribio yake hayakuwa ya ustadi mkubwa, ataka yafanywe yaliyo bora. Waandishi waliotia alama ya kuuliza katika jina la makala yao hawakuomba kuaminiwa. Waliomba kujaribiwa, na wanaowapinga kwa vipimo wamewatii kuliko wanaowasifu bila kipimo.