Spotify Ilipogoma Kufunguka: Kosa Halikuwa Kwenye Simu

Ijumaa ya tarehe 10 Julai 2020, watumiaji wengi wa iPhone walibonyeza alama ya Spotify, programu ya muziki, wakaiona nembo, kisha programu ikajifunga. Wakarudia, ikajifunga tena. Wapo waliozima simu na kuiwasha, wapo walioifuta programu na kuipakua upya, na hali ikabaki vilevile. Siku hiyohiyo Pinterest na Tinder nazo zilikuwa zinaanguka kwa namna ileile. Programu tatu za kampuni tatu tofauti haziwezi kuugua pamoja kwa bahati mbaya, na hapo ndipo uchunguzi ulipoanzia.

Kilichoziunganisha ni kipande cha msimbo kutoka Facebook. Waundaji wa programu hukipachika ndani ya kazi zao ili mtu aweze kuingia kwa akaunti yake ya Facebook, na pia ili wapime matangazo. Kipande hicho huamka pamoja na programu yenyewe. Kabla hujagusa wimbo wowote, kimeshapiga hodi kwenye seva za Facebook kuomba mipangilio. Ndiyo maana hata mtu asiye na akaunti ya Facebook alikwama: msimbo ulikuwa ndani, na ulifanya kazi bila kumuuliza.

Miezi miwili nyuma, tarehe 6 Mei, Spotify ilikuwa imeshaangushwa kwa njia hiyohiyo, na kisa cha Mei kinaonyesha vizuri jinsi hitilafu ndogo inavyoua programu nzima. Msimbo ulitarajia kupokea jedwali la data lenye vipengele ndani yake. Seva ikaleta thamani moja tu, ya ndiyo au hapana. Ni kama karani aliyefungua bahasha akitegemea orodha ya majina ili aite la kwanza, akakuta imeandikwa "hapana" basi. Binadamu angeuliza. Msimbo ule, ulioandikwa kwa lugha ya Objective-C, uliendelea kutafuta kipengele ndani ya kitu kisicho na vipengele, na katika lugha hiyo kosa la namna hiyo lisipodakwa, programu huzimwa papo hapo.

Turudi Julai: wakati Facebook ikirekebisha mambo upande wake, watumiaji walikuwa wameshagundua njia ya kupita: washa hali ya ndege, fungua Spotify, kisha rudisha mtandao. Ilifanya kazi kwa sababu seva haikufikika wakati wa kuamka, kwa hiyo jibu baya halikuingia. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote katika kisa kile, kwani njia hiyo ya kupita ni kipimo pia. Programu inayokufa ikiwa na mtandao na kufunguka bila mtandao inakwambia wazi kwamba kinachoiua kinatoka nje. Ukishalijua hilo, huna sababu ya kufuta chochote.

Nasisitiza hapo kwa sababu watu wengi huanza na kufuta. Programu ya muziki au filamu ikigoma, ushauri wa kwanza unaousikia mtaani ni "futa data" au "iondoe uiweke upya". Ukifuta data, nyimbo na vipindi vyote ulivyopakua vinaondoka, na kuvirudisha ni bando jingine. Kufuta kunaweza hata kuzidisha tatizo. Machi 9, 2025, Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurushia video kwenye televisheni, viliacha kupokea video kwa sababu cheti cha kidijitali kilichothibitisha uhalali wake kilikuwa kimeisha muda. Google ililazimika kuwaomba wenye vifaa wasivirudishe kwenye hali ya kiwandani. Waliokuwa wameshafanya hivyo walijikuta na kifaa kisichokubali hata kuunganishwa upya, wakati wenzao walisubiri tu marekebisho yafike.

Kwa wenye Android, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, kisa kinachofanana ni cha Machi 22, 2021. Sehemu ya mfumo iitwayo WebView, inayotumiwa na programu nyingi kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake, ilipokea mipangilio yenye hitilafu, na programu kama Gmail zikawa zinajifunga zenyewe. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome. Aliyeishughulikia Gmail yenyewe alikuwa anatibu asiye mgonjwa.

Kuganda ni suala jingine kidogo. Programu iliyoanguka inaondoka kwenye kioo. Iliyoganda inabaki pale na nembo yake. Mara nyingi inasubiri jibu. Android huipa programu sekunde 5 kuitikia mguso wako kabla ya kukutangazia kwamba haiitikii, kwa hiyo muundaji akiifanya njia ileile inayochora kioo isubiri jibu la mtandao, mtandao mbovu unagandisha kila kitu. Huku kwetu hali hii hujitokeza bando linapoisha: alama ya mtandao bado ipo juu ya kioo, programu inaamini ina njia, inatuma ombi, jibu haliji. Hali ya ndege inaifichua mara moja, na kuhama kutoka data kwenda waifai kunamaliza ubishi.

Kwenye visanduku vya televisheni vya bei nafuu, angalia saa na tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Vingi havina betri ya kutunza saa, hivyo umeme ukikatika na kurudi, kisanduku kinaamka kikiamini ni mwaka wa zamani. Vyeti vya seva vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kisanduku kinaviona havijaanza kutumika, kinakataa kuunganishwa, na programu inabaki inazunguka kwenye nembo. Kurekebisha tarehe ni kazi ya dakika moja. Hifadhi iliyojaa nayo huzuia programu kuandika mafaili yake ya kuanzia. Futa akiba, acha data.

Lakini mzigo mkubwa ni wa waundaji. Programu ya muziki inapaswa kuonyesha nyimbo zilizokwisha kupakuliwa kwanza, kisha ndipo iulize seva chochote. Mipangilio inayotoka mbali ikaguliwe umbo lake kabla ya kutumiwa. Na programu iweke alama kila inapoanza, iifute ikishafunguka salama. Ikikuta alama ya jana bado ipo, ijue ilianguka, iiache mipangilio mipya na kufunguka kwa ile iliyokuja nayo.