Kinjeketile Mbele ya Watazamaji Viziwi

Muhula uliopita tulihudhuria onyesho la Kinjeketile lililotayarishwa na wanafunzi wa shule moja ya sekondari hapa Uganda. Tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, wasomaji wetu wanaijua, kwa hiyo hatuna haja ya kusimulia upya habari za Vita vya Maji Maji. Uigizaji ulikuwa mzuri, na kijana aliyeigiza Kitunda aliwapita wenzake wote. Tunalotaka kulijadili ni jambo jingine. Safu mbili za mbele zilikaliwa na wanafunzi viziwi walioalikwa kutoka shule ya jirani, na mkalimani wa lugha ya alama aliwekwa kwa ajili yao. Wazo hilo tunalisifu. Utekelezaji wake hatuwezi kuusifu.

Mkalimani alipewa matini asubuhi ya siku ile ile. Alikuwa hodari wa Lugha ya Alama ya Uganda na wa Kiingereza. Kiswahili alikijua cha sokoni. Alipomfikia Hongo, yule mzimu wa mtoni aliyempagaa Kinjeketile, alifuata maana ambayo kamusi yoyote ingempa: akaonyesha alama ya rushwa. Baada ya onyesho msichana mmoja alituandikia katika daftari lake swali hili: kwa nini watu walimfuata mtu aliyepokea rushwa mtoni? Swali lilikuwa la haki kabisa, nalo lilituuma. Shujaa alikuwa amegeuzwa mla rushwa, na hakuna mwalimu wa Kiswahili, nasi tukiwamo, aliyekuwa ameketi na mkalimani hata saa moja.

Jina la Seyyid Said nalo liliandikwa kwa vidole, herufi baada ya herufi, basi. Asiyejua kwamba huyo alikuwa Sultani wa Unguja atawezaje kuelewa kwa nini Kinjeketile anafadhaika anapoambiwa maneno aliyoyasema alipokuwa amepagawa?

Kisha kulikuwa na suala la taa. Mkalimani alisimama pembeni, na katika onyesho la kupagawa mwongozaji alizima taa zote, ikabaki ngoma. Sisi tulisisimkwa. Kwa wageni wetu tamthilia ilikuwa imekatika, ingawa tulimwona mvulana mmoja akibandika kiganja kwenye ubao wa benchi ili aipate ngoma kwa mkono. Tulipomuuliza mwongozaji, alijibu kwamba mkalimani akiangazwa atawavuta watazamaji wengine macho. Hoja hiyo hatuikubali. Taa ndogo ya kumulika mikono na uso haiharibu giza la jukwaa, na mkalimani anayesimama karibu na wasemaji humwezesha kiziwi kuwatazama waigizaji pia, badala ya kugeuza shingo muda wote. Tena wangehitajika wakalimani wawili wa kupokezana, maana kazi hii huchosha mikono na akili. Na alama za majina ya wahusika zingepatana kwanza na viziwi wenyewe, wakati wa mazoezi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka Serikali ihimize maendeleo ya lugha ya alama, na marekebisho ya mwaka 2005 yakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Jioni ile lugha hizo mbili zilikutana ukumbini bila ya kujulishana.

Tumeambiwa kwamba onyesho litarudiwa muhula ujao. Tumeomba mkalimani apewe matini majuma matatu kabla, na mmoja wetu ameahidi kuketi naye, kuanzia na Hongo.