Risasi Zimeondoka

Mafundi umeme wa Hispania wana jina la utani, "chispas", yaani cheche. Yule aliyekuja kwenye nyumba nilikopanga chumba Madrid alikuwa cheche iliyozeeka: alipanda ngazi akihema, begi la ngozi begani, huku mama mwenye nyumba akimlilia gizani, "Se han ido los plomos!" Risasi zimeondoka. Nilicheka kimoyomoyo, kwa kuwa "plomo" yao ni kama risasi yetu, ni madini na ni ya bunduki pia.

Lakini risasi zenyewe hazimo tena ukutani. Zilikuwamo zama za fyuzi za kauri. Waya mwembamba ukiyeyuka, baba mwenye nyumba aliwasha mshumaa, akakata kipande kingine, akakikaza kwa bisibisi. Na kabla ya kurudisha umeme ilimbidi ajiulize kosa ni la pasi au la jiko. Leo "automático", swichi inayojikata yenyewe, ikiruka, kidole huiinua. Ikiruka tena, huinuliwa tena. Nani ana haja ya kujiuliza?

Fundi alipofika chumbani kwangu, alisimama penye kichwa cha kitanda. Hapo ilining'inia "pera", swichi yenye umbo la peasi, kwenye waya uliovikwa uzi wa kusukwa. Aliipima kiganjani kama tunda la sokoni. Nimeizoea pera hiyo: usiku huitafuti ukutani kwa kupapasa, inakuja yenyewe mkononi, na mlio wake ni mnene, wa kuridhisha. Swichi nyingine za siku hizi hata hazilii.

Wenye lugha ya Kihispania wametawanyika, na majina pia. Mmeksiko huiita swichi "apagador", kizimio, kana kwamba haiwashi kamwe. Mwajentina husema "llave", ufunguo. Fundi wetu alisema "conmutador" kwa zile mbili za ukumbini, na ile ya katikati "cruzamiento", makutano, akitamka kila jina taratibu. Hakuna aliyemwitikia.

Mwishoni, umeme ukiwa umesharudi, alifungua kisanduku cha mlangoni, akaigusa "diferencial", ile inayokata umeme miliampea 30 tu zikipotea njiani, pengine mwilini mwa mtu. Akabonyeza kitufe chenye herufi T. Nyumba ikazima.

"Mara ya mwisho mlikibonyeza lini?" akauliza gizani.

Mama mwenye nyumba akasema alidhani ni kengele.