Mzimu wa Glamis na Jina la Janet Douglas

Katika nchi ya Uskoti, wilaya ya Angus, pana ngome kuukuu iitwayo Glamis. Mfalme Robert wa Pili alimpa John Lyon mahali hapo mwaka 1372, na ukoo wake ungali na ngome hiyo hata leo. Hadithi za mizimu yake ni nyingi. Sisi twataka kuipima moja tu, inayosimuliwa kuliko nyingi.

Yasemwa ya kuwa katika kanisa dogo lililomo ngomeni huonekana bibi mwenye mavazi ya kijivu, akisali kimya. Ndiye, wasema, Janet Douglas, Bibi wa Glamis, aliyechomwa moto mjini Edinburgh tarehe 17 Julai 1537 kwa sababu alikuwa mchawi.

Hadithi hii ina uzuri wake. Mzimu huyu hamtishi mtu wala hadai kisasi, na msikilizaji humwonea huruma. Kweli, kanisa analosalia lilijengwa katika karne ya 17, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Lakini kosa hilo twalisamehe, kwani msimulizi wa hadithi si mpima majengo. Tusiloweza kulisamehe ni lile neno moja, mchawi.

Janet hakuhukumiwa kwa uchawi. Alihukumiwa kwa uhaini, kwamba alikusudia kumwua Mfalme James wa Tano kwa sumu, tena kwamba aliwasaidia ndugu zake waliofukuzwa nchini. Na sheria ya Uskoti ya kuwaua wachawi ilitungwa mwaka 1563, yaani miaka 26 baada ya yeye kufa.

Basi yatupasa kuuliza habari za ndugu hao. Mkubwa wao, Archibald Douglas, Earl wa Angus, alimwoa mama yake mfalme, akamshika mfalme kijana kama mfungwa hata alipotoroka mwaka 1528. Tangu hapo mfalme aliwachukia watu wote wa ukoo wa Douglas. Archibald alikimbilia Uingereza, mkono wa mfalme usimfikie. Umbu lake Janet alibaki karibu. Wahenga walinena, wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyika. Janet alipokwisha kufa, mfalme aliitwaa Glamis, na mwanawe Janet akatiwa kifungoni. Kijana huyo hakurudishiwa urithi wake mpaka mfalme mwenyewe alipokwisha kufa, mwaka 1542.

Sasa msomaji na atazame kazi ya neno lile. Tukisema Janet aliuawa kwa uchawi, twaitupa lawama juu ya ujinga wa zamani, na mfalme apita bila kuulizwa neno. Tukisema aliuawa kwa uhaini, mara twauliza ni nani aliyemshtaki, na ni nani aliyepata ngome. Hivyo hadithi inayojidai kumlilia bibi huyu yamfichia adui yake uso.

Hatusemi hadithi itupwe. Walimu waisimulie jioni, na watoto waogope kidogo, si vibaya. Lakini kesho yake wawaeleze na habari ya hukumu ile, ili mtoto ajue ya kuwa Janet Douglas hakuwa mchawi, bali mjane wa Bwana wa Glamis aliyeponzwa na jina la ukoo wake.