Mzazi Mmoja, Lugha Moja: Uhakiki wa Kanuni ya Malezi

Miongoni mwa kanuni zinazotajwa kila wanapozungumziwa watoto wa nyumba zenye lugha mbili, hakuna iliyotia mizizi kuliko ile isemayo kwamba kila mzazi na ashikilie lugha yake, asimsemeshe mtoto kwa nyingine. Kanuni hii imekwisha kutoka katika vitabu vya isimu ikaingia katika vitabu vya malezi, na kutoka humo ikafika sebuleni Nairobi, Kisumu na Mombasa, ambako mume na mke wa makabila mbalimbali huulizana, pengine hata kabla mtoto hajazaliwa, atasema lugha gani. Kwa kuwa jawabu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mtoto ataweza kuongea na nyanya yake au atamtazama tu na kutabasamu, kanuni yenyewe yastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa kazi yoyote ya maandishi: imetungwa na nani, kwa nyumba ya namna gani, na ni jambo gani lililoachwa nje.

Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1908 mtaalamu wa lugha Jules Ronjat alipata mtoto wa kiume, Louis. Baba alikuwa Mfaransa, mama Mjerumani. Ronjat alimwomba shauri mwanaisimu mwenzake Maurice Grammont, naye akamjibu kwamba kila mmoja wa wazazi aseme na mtoto kwa lugha yake pasipo kubadili. Shauri lilifuatwa, baba akaandika kwa uangalifu mkubwa kila hatua ya usemi wa mwanawe, na mwaka 1913 akayachapisha maelezo hayo kuwa kitabu. Matokeo yalikuwa mema. Louis alizipata lugha zote mbili, akatambua mapema ni nani wa kusemeshwa kwa ipi. Katika wakati ambapo wengi waliamini kwamba lugha mbili huidhoofisha akili ya mtoto, kitabu hicho kilikuwa ushahidi wa thamani, na thamani hiyo haijapungua.

Walakini msomaji wa Kiafrika hawezi kukipita kitabu hicho bila kuona jambo moja ambalo wanaokinukuu hulinyamazia. Ronjat hakuwa mtaalamu wa Kifaransa wala wa Kijerumani. Lugha aliyoitolea umri wake wa usomi ni Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, ambayo sarufi yake kubwa aliyoiandika ilichapishwa baada ya kufa kwake mwaka 1925. Kioksitani hakimo katika zile lugha mbili alizogawiwa mtoto. Lugha mbili zilizofaulu nyumbani mwa Ronjat zilikuwa lugha za dola mbili kubwa, kila moja ina shule, magazeti, jeshi na vitabu vya hadithi vya watoto. Kuligeuza jaribio la nyumba hiyo kuwa kanuni ya lugha zote ni kusahau kwamba mtunzi wake mwenyewe alikuwa na lugha ya tatu, dhaifu, aliyoipenda, na lugha hiyo haikupewa mzazi wa kuisemea.

Kitabu cha pili ambacho kanuni hii huegemea ni kile cha Werner Leopold, Mjerumani aliyefundisha chuo kikuu nchini Marekani, ambaye kati ya mwaka 1939 na 1949 alitoa majuzuu manne juu ya usemi wa binti yake Hildegard. Leopold alisema Kijerumani, mkewe Kiingereza. Hapa picha si safi kama ya Ronjat, na kwa sababu hiyo ina mafunzo zaidi. Hildegard alipozidi kukua na kuchanganyika na watoto wa jirani, Kijerumani chake kilirudi nyuma. Baba mmoja hakuweza kushindana na mtaa mzima. Kisha, alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, alipelekwa Ujerumani kwa muda wa miezi kadhaa. Majuma machache tu yalitosha kukifanya Kijerumani kitiririke na Kiingereza kimkwame kinywani. Aliporejea Marekani mambo yakageuka tena. Leopold aliyaandika haya kwa unyofu, lakini wafuasi wake hukumbuka zaidi kwamba kila mzazi alishika lugha yake, kuliko kukumbuka kwamba safari moja ilifanya kazi ambayo uthabiti wa baba ulikuwa umeshindwa.

Mabishano ya kale kuhusu akili hayana haja ya kukawisha. Saer alidai mwaka 1923, baada ya kuwapima watoto wa Wales, kwamba wenye lugha mbili wa mashambani walikuwa nyuma ya wenzao. Peal na Lambert wakaonyesha kinyume chake huko Montreal mwaka 1962. Tangu hapo hofu ya akili imebaki kwa wakwe na baadhi ya walimu. Swali lililo hai ni jingine: lugha ipi itabaki, na kwa nini.

Kwa swali hilo Kenya ina ushahidi ulio mzito kuliko nyumba ya Ronjat na ya Leopold zikiunganishwa, nao ni historia ya Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na pwani za Ziwa Viktoria zilizo karibu. Wasuba ni Wabantu. Kwa vizazi kadhaa wanaume wao waliwaoa wanawake wa Kijaluo, na watoto wakakua wakisema Kijaluo, hata katika sehemu nyingi Kisuba kikawa lugha ya wazee. Franz Rottland na Duncan Okoth-Okombo, katika makala yao ya mwaka 1992, walilieleza jambo hili kwa namna inayomshtua anayedhani kuwa kabila na lugha ni kitu kimoja: wakati uleule lugha ilipokuwa ikififia, hisia ya kuwa Msuba ilikuwa ikikua.

Mfano huu uwekwe kando ya kanuni. Nyumba ya Msuba aliyeoa Mjaluo ilikuwa na wazazi wawili na lugha mbili, kama ya Ronjat. Mama alisema lugha yake bila kufundishwa na mtaalamu yeyote. Lakini mizani haikuwa sawa. Aghalabu mume alikuwa amekwisha kujua Kijaluo kwa ajili ya biashara na ujirani, ilhali mke hakuwa na sababu ya kujifunza Kisuba. Basi lugha ambayo mume na mke walielewana kwayo ilikuwa ya mke. Nje ya nyumba, soko lilikuwa la Kijaluo. Kanisa likaja na Biblia ya Kijaluo, na shule ikafuata. Mtoto alikuwa wa baba kwa ukoo, kwa ardhi na kwa jina. Kwa ulimi alikuwa wa mama. Hakuna aliyekataza Kisuba kwa fimbo. Kilikosa tu mahali pa kutumika ambapo Kijaluo kisingetosha.

Haifai kulisema hili kana kwamba akina mama wa Kijaluo walitenda kosa. Walifanya lile ambalo Grammont angewapongeza kwalo. Na hapo ndipo kanuni inapofichua udhaifu wake: inamhesabu mzazi mmoja kuwa sawa na mzazi mwingine, kana kwamba kila mmoja ameshika upande wa kamba na nje ya mlango hapana wavutaji.

Katika miji ya leo wavutaji hao ni wengi zaidi. Tuseme baba ni Mjaluo, mama ni Mmaragoli, nao wanaishi katika mtaa wa Nairobi. Baba huondoka alfajiri na kurudi mtoto akiwa amelala. Mama naye ni mfanyakazi. Anayeshinda na mtoto ni yaya, ambaye huenda akawa Mkamba au Mteso, na ambaye humsemesha kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyoagizwa, au ndiyo pekee wanayoshirikiana wote. Watoto wa ploti wana Sheng yao. Shule ya chekechea inadai Kiingereza. Katika nyumba hii maneno "mzazi mmoja, lugha moja" yanamtaja nani? Wazazi wawili wanaotajwa ndio wenye saa chache kuliko wote, na msemaji mkuu wa nyumba hana hata nafasi katika kanuni. Tena kuna jambo la heshima. Mtoto anayesikia Kiingereza kwa wenye nyumba na Kiswahili kwa anayeosha vyombo hajifunzi msamiati peke yake. Anajifunza pia ni lugha ipi inayoamuru na ipi inayotii, na somo hilo hulipata kabla hajajua kusoma.

Utata huu umo hata katika istilahi. Kiswahili husema "lugha ya mama", na watungaji wa sera wameichukua kauli hiyo kana kwamba kila mtoto anayo moja, iliyo wazi. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 1953 kuhusu matumizi ya lugha za wenyeji shuleni ilisimama juu ya msingi huo. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 nchini Kenya ilikuwa na busara zaidi ilipopendekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, maana "eneo" halimwulizi mtoto mama yake ni nani. Hata hivyo katika jamii nyingi za Kenya mtoto huhesabiwa kabila la baba. Mtoto wa yule Mmaragoli ataandikwa Mjaluo, ataambiwa kwamba lugha yake ya mama ni Kijaluo, yaani lugha ambayo mama yake mzazi haijui.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 alichokitumia kukiaga Kiingereza, ameueleza utoto wake kuwa wakati ambapo lugha ya nyumbani, ya shamba na ya hadithi za jioni ilikuwa moja, yaani Kikuyu, mpaka shule ilipokuja kuuvunja umoja huo. Hoja yake juu ya shule ya kikoloni ni madhubuti na haijajibiwa ipasavyo. Lakini picha ya nyumba aliyoichora ni ya nyumba isiyo na mgeni ndani yake. Lugha ngeni huingia kwa mlango wa shule tu. Mtoto ambaye umoja huo haukuwapo tangu siku ya kuzaliwa, ambaye jioni yake ilikuwa na hadithi za namna mbili au haikuwa na hadithi kabisa, hajionei popote katika hoja hiyo. Naye si wachache tena.

Kanuni ina adui mwingine, nao ni uchanganyaji. Ronjat na Leopold waliuona mchanganyiko kama kasoro ya muda itakayokwisha mtoto akipevuka. Carol Myers-Scotton, kwa ushahidi alioukusanya hasa Nairobi na kuuchapisha mwaka 1993, alionyesha kwamba kwa watu wengi wa mji huo kupita kutoka Kiswahili hadi Kiingereza na kurudi, mara nyingi ndani ya sentensi moja, ndio usemi wa kawaida baina ya walio sawa. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa achague lugha moja huambiwa aseme na mwanawe kwa namna ambayo hasemi na mtu mwingine yeyote. Baadhi hujaribu. Wiki mbili hupita, kisha mtoto anaanguka ngazini, na mzazi anapiga kelele kwa lugha zote.

Isidhaniwe kwamba kanuni haina faida. Annick De Houwer alipochunguza nyumba 1,899 za Flanders, ambako Kiholanzi ni lugha ya wote na mzazi mmoja au wote wawili wana lugha nyingine, aliona kwamba pale kila mzazi aliposhika lugha moja, familia karibu tatu katika kila nne zilifaulu kuwa na watoto wanaoisema ile lugha nyingine. Hilo si haba. Lakini kufaulu kulipita tisa katika kumi pale wazazi wote wawili walipoitumia lugha hiyo nyumbani, hata kama mmoja wao alichanganya na Kiholanzi. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2007, takriban karne moja baada ya shauri la Grammont, nao unaelekeza upande ambao Grammont hakuutazama. Lugha iliyo dhaifu nje hailindwi kwa kugawanya nyumba nusu kwa nusu.

Hapa hurejea jambo ambalo vitabu vyote viwili vya mwanzo vililichukulia kuwa la kawaida mno hata halikuhitaji kutajwa katika kanuni. Ronjat alikifahamu Kijerumani. Mke wa Leopold, Mmarekani wa asili ya Kijerumani, alikielewa Kijerumani cha mumewe. Mezani, mmoja aliposema na mtoto, mwenziwe hakuachwa nje. Sharti la kwanza la kanuni, lisiloandikwa, ni kwamba wazazi wenyewe wawe na lugha mbili kabla ya mtoto. Katika nyumba ya Mjaluo na Mmaragoli sharti hilo mara nyingi halipo, na kila baba anapomsemesha mwanawe kwa Kijaluo humfungia mkewe mlango. Wenye kupendana hawafanyi hivyo kwa muda mrefu. Hurudi katika Kiswahili au Kiingereza, lugha isiyo ya yeyote kati yao, na nyanya wawili, mmoja Maragoli na mmoja Siaya, hupoteza wote kwa pamoja.

Desturi ina jawabu lake, nalo ni la upande mmoja: mke aliyeolewa hutazamiwa ajifunze lugha ya wakwe zake, na jamaa humsifu akiweza, humsengenya akishindwa. Mume hatazamiwi hivyo. Visiwani kwa Wasuba ilitokea kinyume, mume ndiye aliyejua lugha ya mke, na lugha ya mke ndiyo iliyobaki. Mwandishi wa kitabu cha malezi anayetaka kuwafaa wazazi wa Kenya angeanzia hapo, kwa kuwauliza wawili hao, kabla ya kumtaja mtoto, ni yupi kati yao aliyekwisha kuanza kujifunza lugha ya mwenzake.