Gigabaiti 64 Zilitosha: Kosa la Kubana Upya Maktaba ya DJ

Miongoni mwa maamuzi ambayo DJ wa sherehe hulazimika kuyafanya anapotegemea kompyuta mpakato ya zamani yenye diski ndogo, upo mmoja usio na utetezi wowote wa kiufundi, nao ni ule wa kuichukua maktaba nzima ya nyimbo, kuipitisha katika programu ya kubadilisha mafaili, kuibana hadi kilobiti 128 kwa sekunde, kisha kuyafuta mafaili ya awali ili nafasi ipatikane. Matokeo ya uamuzi huo yamekwisha kusikika mara nyingi mno katika kumbi za harusi na katika vigodoro vya Dar es Salaam, kwa hiyo msomaji hahitaji kusimuliwa jinsi matoazi yanavyogeuka kuwa mchakacho, jinsi besi inavyopoteza kishindo, na jinsi sauti ya mwimbaji inavyotetemeka kila mara kasi inapobadilishwa. Lawama huangukia spika, fundi mitambo au umri wa kompyuta, ilhali kosa lilitendeka siku nyingi kabla ya sherehe, DJ akiwa nyumbani bila mtu wa kumharakisha.

Kompyuta inayohusika ni ya aina inayopatikana kwa wingi katika maduka ya vifaa vya mitumba: ThinkPad T420 ya mwaka 2011 au mashine ya rika lake, yenye RAM ya gigabaiti 4, diski ya SSD ya gigabaiti 128, programu ya Virtual DJ na kontrola ndogo yenye magurudumu mawili. Wi-Fi huwa imezimwa, masasisho ya Windows yamesitishwa, na bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuipeleka kwenye spika, imewekwa kwenye sampuli 512, sawa na milisekunde zipatazo 12. Yote hayo ni sahihi. Mashine ya namna hiyo ina uwezo wa kutosha wa kuchanganya nyimbo mbili usiku kucha, na wanaodai kwamba kazi ya DJ haiwezekani bila kompyuta mpya wanasema maneno ya wauzaji, wala hawaelezi mahitaji ya kazi yenyewe.

Hesabu iliyopaswa kutangulia uamuzi ni fupi. Kiwango cha biti ni idadi ya biti zinazotumika kuhifadhi kila sekunde ya sauti, na wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 hutumia kilobaiti 40 kwa sekunde, yaani megabaiti 2.4 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 huchukua megabaiti 9.6. Ikichukuliwa kwamba Windows na programu zake zimekalia gigabaiti 40, na gigabaiti 24 zimeachwa wazi kwa sababu SSD inayojaa kabisa hupungua kasi, zinabaki gigabaiti 64, ambazo zinatosha nyimbo zaidi ya 6,600 katika ubora huo. Sherehe ya saa 6 ambayo kila wimbo hupigwa kwa dakika 3 inahitaji nyimbo 120, maana yake ni kwamba maktaba hiyo inaweza kuhudumia sherehe 55 bila wimbo hata mmoja kurudiwa. Kwa kubana hadi kilobiti 128, DJ alipata nafasi ya nyimbo zaidi ya 16,600. Alijiongezea nyimbo 10,000 ambazo hatazipiga kamwe, na gharama yake ikalipwa na zile anazozipiga kila wiki.

Ubaya wa tendo hilo unatokana na namna MP3 inavyofanya kazi. Mfumo huo hupunguza ukubwa wa faili kwa kuzitupa sehemu za sauti ambazo, kwa makadirio ya programu, sikio halitazisikia kwa kuwa zimefunikwa na sauti nyingine yenye nguvu zaidi, na sehemu zikishatupwa hazirudi, kama wahenga walivyosema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Faili la kilobiti 128 lililotengenezwa moja kwa moja kutoka katika rekodi kamili lina kasoro zake, lakini linavumilika kwenye spika ndogo. Faili la kilobiti 128 lililotengenezwa kutoka katika MP3 nyingine ni jambo jingine kabisa, kwa sababu programu inayobana mara ya pili hupokea sauti iliyokwisha kuchujwa, huyachukulia makosa ya mchujo wa kwanza kuwa ni sehemu ya muziki, huzitumia biti chache ilizopewa kuyahifadhi makosa hayo, na hutupa muziki halisi ili yapate nafasi. Juu ya hayo, kwa kiwango hicho programu nyingi hukata sauti zote zilizo juu ya kilohezi 16 au 17, eneo linalochangia mng'ao wa matoazi na kayamba.

Muziki unaoumia zaidi ni ule unaopendwa zaidi katika sherehe hizo. Singeli, iliyokulia Dar es Salaam katika studio ndogo kama Sisso, hupigwa kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa kasi ya mapigo 250, pigo moja huchukua milisekunde 240, na robo ya pigo huchukua milisekunde 60 tu. Fremu moja ya MP3, ambayo ni kipande cha sauti kinachobanwa kwa pamoja, ina sampuli 1,152, sawa na milisekunde 26 hivi, na ndani ya kipande hicho kelele ya kubanwa hutapakaa hata kabla ya ngoma kugongwa, kasoro inayoweza kuitwa mwangwi wa kabla. Programu nzuri huukwepa mwangwi huo kwa kukigawa kipande katika sehemu fupi zaidi, lakini mgawanyo huo unahitaji biti za ziada, na kwenye kilobiti 128 akiba hiyo ni ndogo mno kwa muziki unaogonga bila kupumzika. Ndiyo maana ngoma za singeli zilizobanwa mara mbili husikika kama tope moja linalotiririka. DJ anapobadilisha kasi huku amefunga ufunguo, yaani ameiamuru programu iudumishe wimbo katika sauti yake ya asili, kompyuta hulazimika kuikatakata na kuiunganisha upya sauti ile mbovu, na kila kasoro hukuzwa hadi mlevi wa mlangoni huitambua.

Hasara ya pili haizungumzwi vya kutosha. Faili jipya la MP3 huanza na ukimya mfupi unaoongezwa na programu ya kubana, ambao unaweza kuzidi milisekunde 20, na si kila programu ya DJ huufidia. Alama za kyu, yaani vituo ambavyo DJ amevitia ndani ya wimbo ili aanzie hapo, pamoja na gridi ya mapigo inayoonyesha kila pigo liko wapi, huteleza kwa kiasi hicho, na kwenye singeli ya mapigo 250 mteleko wa milisekunde 24 ni sehemu ya kumi ya pigo, kiasi ambacho sikio la mchezaji hukihisi papo hapo. Kwa wanaotumia Serato hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa programu hiyo huhifadhi alama za kyu ndani ya faili lenyewe, na programu ya kubadilisha mafaili isiyozitambua taarifa hizo huzifuta zote. Kazi ya miaka ya kuandaa nyimbo hupotea katika alasiri moja.

Katika maktaba hizo limo pia tatizo sugu ambalo safu za namna hii zimelipigia kelele bila kuchoka, nalo ni nyimbo zilizochotwa YouTube na kuandikwa kilobiti 320. Sauti inayotolewa na YouTube kwa kawaida huwa imebanwa kwa kiwango cha karibu kilobiti 128 hadi 160, na tovuti zinazoigeuza kuwa MP3 ya 320 huongeza uzito wa faili bila kuongeza chochote ndani yake. Nusu ya diski inaweza kujaa uzito huo mtupu. Programu ya bure ya Spek, inayochora picha ya masafa ya wimbo, humwonyesha DJ kwa sekunde chache iwapo sauti imekatwa kwenye kilohezi 16 ingawa faili linajitangaza kuwa la 320. Mafaili hayo ndiyo yaliyostahili kufutwa, na mengine yakaachwa salama.

Njia nyingine za kupata nafasi zinajulikana: kuhamishia video kwenye diski ya nje, au kuhamishia huko hata maktaba yote, kwa kuwa kilobaiti 40 kwa sekunde ni mzigo mdogo hata kwa tundu la USB 2.0. Kompyuta za zamani zina fadhila iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa ThinkPad T420 na MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012 isiyo na skrini ya Retina hufunguliwa kwa bisibisi na kuwekewa SSD kubwa ya inchi 2.5, ilhali Apple ilizichomelea diski kwenye ubao wa MacBook Pro zenye Touch Bar mwaka 2016. Anayekimbilia kutiririsha nyimbo kutoka intaneti naye akumbuke tarehe 1 Julai 2020, siku ambayo Spotify iliacha kufanya kazi ndani ya programu za DJ za kampuni nyingine. Hata iliporudi baadaye katika baadhi yake, somo lilibaki kwamba maktaba isiyo mkononi mwa DJ si maktaba yake.

Waliotangulia walifanya kazi katika ufinyu mkubwa kuliko huu na hawakuushusha ubora. Clouds ilipokuwa bado disko la kutembea la Joseph Kusaga, kabla haijawa kituo cha redio, kizazi cha akina Boniface Kilosa, ajulikanaye kama Bonny Luv, kilipiga kwa santuri na kaseti ambazo idadi yake ingeonekana aibu kwa DJ wa leo, na ufundi ulikuwa katika kuchagua kipi kibebwe na kipi kibaki. Huko New York, Larry Levan, aliyepiga Paradise Garage kuanzia 1977 hadi 1987, anakumbukwa kwa kubadilisha sindano za gramafoni kadiri usiku ulivyosonga, akiziweka akiba zilizo bora kwa saa za kilele, ili sauti ipande pamoja na wachezaji. DJ anayebana upya maktaba yake huwapa wachezaji sauti iliyoshuka tangu wimbo wa kwanza, na sindano bora ya kuwapa saa sita usiku hana.

Hukumu basi ni moja. Diski ya gigabaiti 128 haikuwa tatizo, na umri wa kompyuta haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kukataa kuchagua. DJ mwenye mashine kama hiyo na afute nyimbo asizozipiga, azitoe zile za 320 za uongo, ahamishie video kwenye diski ya nje, na atunze nakala ya mafaili yake ya awali mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Programu ya kubana aiache ilivyo.